Ghala Walilolichoma Wenyewe

Ipo Alhamisi moja ya Riyadh ninayoikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu. Siku hiyo nilichukua kitu cha wenzangu kumi bila kuwauliza, nikakitupa, kisha nikalala usingizi mzuri kabisa nikijiona shujaa.

Sasa nakaa Jeddah, mtaa wa Bani Malik, na nyinyi vijana mnaofika na begi moja na simu mbili mnaniita Mzee Wafula. Juzi nilipowaletea unga wa mahindi nilimsikia mmoja wenu akisema, "Asiyetaka kusimama na sisi, tutamsimamisha kwa nguvu." Sikujibu pale pale. Mtu akiulizwa ghafla kuhusu aibu yake huanza kujitetea, nami sitaki kujitetea. Nimeona niandike, nisome nilichoandika, kisha niwape.

Tulikuwa madereva kumi na mmoja, Wakenya sote, tukiendesha magari ya kampuni iliyopeleka maji ya kunywa kwenye ofisi, misikiti na kumbi za harusi. Tuliishi katika nyumba moja ya kupanga, si mbali na mtaa wa Al-Dirah, na magari yalilala uani chini ya madirisha yetu. Kila dereva aliporudi jioni alitundika ufunguo wake kwenye ubao wa misumari kando ya mlango. Kulikuwa na mshika funguo wa kila wiki, kwa zamu. Ufunguo ukikosekana, yeye ndiye aliyeulizwa.

Siku yetu ya mapumziko ilikuwa Ijumaa. Nyinyi pia mmeshaizoea hali hii: Mkristo wa huku, Jumapili yake huwa Ijumaa. Tulifunga mlango, tukaimba kwa sauti ya chini, tukaomba, halafu tukanywa chai ya maziwa na kusimuliana habari za nyumbani. Siku hiyo moja ndiyo iliyotufanya tuwe watu. Siku sita zilizobaki tulikuwa mikono ya kubeba makatoni.

Kila Ijumaa alikuja Mwalimu Onyancha. Huyu alikuwa mlinzi wa lango la makazi ya wageni upande wa pili wa mji, lakini kwao Kisii alikuwa amefundisha historia katika shule ya upili mpaka akastaafu. Alikuja huku kwa ajili ya karo ya binti yake wa mwisho. Baada ya chai alitufundisha. Hakuhubiri. Alisimulia kama mtu anayemenya chungwa, polepole, bila kulitoboa.

Basi wiki moja msimamizi wetu, ambaye sote tulimwita mudir, akatangaza kwamba kuanzia Ijumaa ya wiki iliyofuata hapangekuwa na mapumziko. Msimu wa harusi umefika, alisema, na maji hayana Ijumaa. Kisha akacheka na kuuliza ni watu gani hawa wanaotaka kulala siku moja katika kila saba.

Tulipomweleza Mwalimu, naye akacheka.

"Hayo maneno ni ya zamani sana," akasema. "Warumi waliwaambia Wayahudi hivyo hivyo. Waliwaita wavivu, watu wanaopoteza sehemu ya saba ya maisha yao wakiwa wamekaa."

Ndipo akaanza. Akatueleza kwamba kabla ya Warumi walikuwepo Wayunani, na kwamba mfalme mmoja wao aliwakataza Wayahudi kushika Sabato, kutahiri watoto wao na kumwabudu Mungu wao hekaluni kwa desturi yao. Watu wengine wakakimbilia mapangoni na wake na watoto. Askari wakawafuata siku ya Sabato. Wale watu walikataa kupigana siku hiyo takatifu, hawakuziba hata mlango wa pango, wakauawa wote.

"Hata jiwe hawakurusha?" akauliza Kamau, aliyekuwa mcheshi wetu. "Mimi ningerusha sufuria. Ningerusha na huyu Wafula."

"Wafula mzito, hutamwinua," mwingine akasema, tukacheka.

"Waliobaki walikaa wakalia," Mwalimu akaendelea, "halafu wakashauriana. Wakasema, tukifanya sote kama ndugu zetu, hatabaki hata mmoja wa kuishika hiyo Sabato. Wakakubaliana kwamba adui akija siku hiyo watajikinga. Angalieni, walikubaliana. Hilo ni jambo la kwanza."

Jambo la pili lilikuwa la wakati wa Warumi. Gavana mmoja, yule yule ambaye sisi Wakristo humtaja tunapokiri imani yetu, aliingiza Yerusalemu bendera za jeshi zenye sura ya Kaisari, na torati ya Wayahudi haikuruhusu sanamu katika mji huo. Watu wakatembea mpaka Kaisaria, kwenye makao yake. Wakalala kifudifudi kuizunguka nyumba yake siku tano, usiku na mchana. Siku ya sita akawazungushia askari wenye panga. Wakajitupa chini, wakafunua shingo zao, wakasema afadhali kufa kuliko kuvunja sheria ya Mungu wao. Gavana akashindwa la kufanya. Akaamuru bendera ziondolewe.

Kisha Mwalimu akaingia jambo la tatu: miaka mingi baadaye, Wayahudi waliasi, na jeshi la Warumi likaja kuuzingira Yerusalemu. Ndani ya mji mlikuwa na maghala yenye nafaka ya kulisha watu miaka mingi. Wengine walitaka kuzungumza na Warumi, wengine walitaka kungoja. Basi vijana wenye hasira kali wakayachoma maghala yale kwa moto, ili asiwepo mtu wa kungoja wala wa kuzungumza, ili kila mtu alazimike kupigana.

Hapo simu yangu ikalia. Alikuwa mudir.

"Wafula, yalla! Mafi moya!" Hakuna maji. Ukumbi fulani wa harusi ulikuwa umeishiwa, na gari langu ndilo lililokuwa limepakiwa.

Nikasimama na kuvaa viatu.

"Wafula," Mwalimu akaniita, "hadithi haijaisha."

Nikamjibu nikiwa tayari kwenye ngazi, "Nimeelewa, Mwalimu!"

Mwanangu, kati ya maneno yote niliyowahi kusema, hayo mawili natamani ningeyameza. Nilishuka na nusu ya hadithi, na wahenga walisema mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Nilipofika ukumbini na kushusha katoni la mwisho, nilikuwa nimeshaivuta yote upande wangu. Niliwaona wale vijana na mienge yao. Nikajiambia, hao ndio wanaume.

Wiki hiyo tulizungumza kila jioni. Shauri la Mwalimu, alilowaachia wenzangu nilipokuwa ukumbini, lilikuwa kwamba Ijumaa asubuhi wale wanaotaka wavae nguo safi, waache magari uani, waende ofisini kwa miguu na kumwomba mudir kwa heshima. Anayeogopa aende kazini, asichekwe. Watu sita wakakubali, nami nikiwa mmoja wao. Wanne walisema watafikiri.

Aliyekataa waziwazi ni Otieno. Alikuwa hajafika kwao Siaya miaka minne. Baba yake alikuwa mgonjwa, na kila Otieno alipopiga simu, mzee aliuliza jambo moja tu: siku ngapi zimebaki. Karatasi ya ruhusa ya kutoka nchini ilikuwa imeshatolewa na safari yake ilikuwa Jumamosi. Begi lake lilikuwa limefungwa kwa kamba tangu Jumatatu.

"Ndugu zangu, msinihesabu," akasema. "Mimi Ijumaa nitaendesha. Mkitaka niwaombee njiani, nitawaombea. Lakini nitaendesha."

"Wenzako watoe jasho, wewe upande ndege," nikamwambia.

"Ndiyo, omera, ndugu yangu. Nipande ndege."

"Msaliti hana haya."

"Na mwenye baba mzima hana haraka," akanijibu, akaendelea kupiga pasi shati lake.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi baba yangu alikuwa mzima, akiuza mahindi yake Bungoma. Nilimwona Otieno mwoga na basi. Na wiki hiyo yeye ndiye aliyekuwa mshika funguo.

Jioni ya Alhamisi wenzangu wote walikuwa jikoni. Kamau alikuwa amepika kuku na jirjir, zile mboga za huku tunazojifariji nazo badala ya sukuma wiki. Nilisimama mbele ya ule ubao, nikazitoa funguo zote kumi na moja, nikazitia katika mfuko wa plastiki pamoja na maganda ya vitunguu, nikashuka. Lori la taka lilipita mtaani kwetu kila siku baada ya sala ya magharibi. Niliutupa mfuko katika pipa kubwa la mtaa, nikasimama ng'ambo ya barabara mpaka nikaona pipa limeinuliwa na kumwagwa. Kisha nikapanda na kula paja la kuku.

"Mbukusu ametoka wapi leo amechelewa kwa kuku?" Kamau akauliza, maana sisi Wabukusu hutaniwa kwa kupenda kuku. "Huyu ni mgonjwa."

Nilicheka kuliko wote.

Ijumaa alfajiri Otieno ndiye aliyeuona ubao mtupu. Akatuamsha. Tulitafuta chini ya magodoro, ndani ya viatu, hata katika gunia la mchele. Mimi nami nilitafuta. Ndiyo, mwanangu, nilipiga magoti nikachungulia chini ya jokofu, na hilo hunichoma leo kuliko kule kuzitupa.

Mudir alifika akiwa amekasirika, simu mbili zikilia mfukoni. Hakuuliza habari za mapumziko. Hata wale watano waliokuwa wamevaa nguo safi tayari kwa kwenda kuzungumza hawakupata pa kuanzia, kwani mbele yake hawakuwa tena wafanyakazi wenye ombi. Walikuwa wezi.

"Nani mshika funguo?" akauliza.

Otieno akainua mkono.

Mudir akamtazama, akalitazama begi lililofungwa kamba, na akili yake ikaunganisha hayo mawili. Mtu anayeondoka kesho, funguo zimepotea leo. "Halas," akasema, yaani basi. "Mafi safar." Safari hakuna. Akapiga simu ofisini papo hapo kwamba karatasi ya Otieno ifutwe mpaka funguo zionekane.

Otieno hakupiga kelele. Alikaa juu ya begi lake, akapiga simu nyumbani na kusema kwa Kijaluo maneno machache. Sikuyaelewa, lakini niliielewa sauti.

Ungedhani ningesema pale pale. Sikusema. Nilijiambia kwamba kila vita vina majeruhi, na kwamba sasa angalau sote kumi na mmoja tuko upande mmoja. Lakini moyo haukutulia, nikapanda teksi mpaka kwenye lango alilolilinda Mwalimu. Nilitaka anisifu. Nilitaka mtu mzima aniambie nimefanya vizuri.

Alikuwa ameketi katika kibanda chake akila mkate na jibini. Akanisogezea kiti. Nikamweleza yote.

Hakunikatiza. Nilipomaliza alifuta vidole vyake, akauliza, "Wafula, siku ile uliondoka hadithi ikiwa wapi?"

"Walipochoma maghala, Mwalimu."

"Ukadhani ndio mwisho."

"Nilidhani ni ushujaa."

"Basi kaa, nikumalizie." Akaongea kama alivyoongea darasani, bila hasira. "Njaa iliingia mjini. Watu walitafuna ngozi za viatu vyao na mikanda. Mtoto alimpokonya mzee tonge, na mzee alimpokonya mtoto. Waliojaribu kutoroka kutafuta majani ya kula walikamatwa na Warumi wakasulubiwa. Wengi walikufa kabla ya Mrumi yeyote kuwagusa. Na wale vijana waliochoma hawakupata jeshi waliloliota, maana mtu mwenye njaa hashiki upanga. Mji ukaanguka, hekalu likateketea. Sasa niambie, mwanangu, siku ile ya moto ilichomwa nafaka ya nani?"

Nikaviangalia viatu vyangu.

"Si ya Warumi. Warumi walikuwa na yao nje ya ukuta. Vijana walichoma nafaka ya mama zao."

Lango likagongwa. Akaenda kufungulia gari, akarudi, akakaa tena.

"Wale wa Kaisaria walikuwa jasiri kuliko hao," akasema. "Unajua kwa nini? Kila mmoja alifunua shingo yake mwenyewe. Hakuna aliyemshika jirani na kumfunulia ya kwake. Wewe umefunua shingo ya Otieno, ukaificha yako."

Nimeshakemewa mara nyingi maishani, na polisi, na mke, na madaktari. Hakuna aliyenikata kama huyu aliyesema polepole akiwa na chembe za mkate kwenye sare yake.

"Nifanye nini, Mwalimu? Nikisema watanirudisha Kenya."

"Labda. Hiyo itakuwa shingo yako."

"Na nisiposema?"

"Utakula na Otieno sahani moja mpaka mkataba uishe. Utaweza?"

Nikarudi nyumbani. Otieno alikuwa bado kwenye begi, Kamau na wenzake wawili wamekaa naye.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe nini?"

"Funguo. Nilizitupa kwenye pipa la taka. Lori limeshazibeba."

"Zote?" akauliza Kamau.

"Zote."

"Yesu na Maria. Na kuku wangu ukala!"

Hakuna aliyecheka. Otieno akasimama na kuchukua shati lake.

"Viatu vyako bado unavyo miguuni," akasema. "Twende ukaseme."

Tulimkuta mudir ofisini pamoja na kafili, yaani tajiri mwenyewe aliyetuleta nchini, mzee mpole aliyezungumza kidogo. Nikaeleza kwa Kiarabu changu cha kuungaunga. Mudir alitaka polisi waitwe. Kafili akaniuliza kitu kimoja: kwa nini nimekuja kusema. Nikamwambia baba wa huyu ni mgonjwa. Akasema polisi wasiitwe. Lakini usukani haukurudi mikononi mwangu. Nilibeba makatoni ghalani miezi saba iliyobaki, mkataba haukuongezwa, na ndivyo nilivyokuja kutafuta maisha mengine Jeddah. Sikulalamika. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini aliyeyamwaga anaweza kupiga deki.

Karatasi ya Otieno ilibidi ianzwe upya. Ilichukua siku nane. Alimkuta baba yake hai, lakini sauti ya mzee ilikuwa imekatika siku mbili kabla. Otieno alinipigia simu mwenyewe kunieleza. Alisema alimshika mkono baba yake, na baba aliubana mkono, ila hakuweza kusema neno. Hakunilaumu. Aliniambia tu, kwa kuwa alijua ningetaka kujua. Mzee alizikwa mwezi huo huo.

Na ile Ijumaa? Iliwachukua wenzangu wiki tatu kuaminiwa tena. Kisha wanane, si watano tena, walikwenda ofisini kwa miguu, na kati yao walikuwepo watatu waliosema kwanza kwamba watafikiri. Walikuwa wamefikiri. Mimi Mwalimu alinikataza kuingia. "Ukiingia wewe watazungumza habari za funguo," akasema. Nikakaa nje kwenye ukingo wa barabara, juani, nikiwangoja. Walipata nusu: Ijumaa kupumzika mpaka alasiri, kisha kazi. Si ushindi wa kuimbiwa, lakini tulipata tena saa za kukaa pamoja, na hakuna aliyefukuzwa. Mwalimu alituambia kwamba hata baada ya hekalu kuteketea Wayahudi hawakwisha, kwa kuwa wazee wao walikusanyika katika mji mdogo, wakaketi na vijana wao, wakafundisha. Sabato waliyochekewa wanaishika mpaka leo. Waliowacheka hawapo.

Sasa mwanangu, nikuambie ninachotaka kukuambia. Sikukatazi kudai haki yako. Mtu anayekunyima mapumziko, au anayekushikia pasipoti, ana haja ya kuambiwa, na mara nyingi hasikii mpaka waambiaji wawe wengi. Lakini wingi huo ukusanye kwa maneno na subira. Kabla hujamwita mwenzako msaliti, muulize ana nini nyumbani. Hatari unayoichagua iwe yako, uijue, uikubali. Ya mwenzako hukupewa. Anayechagua kubaki nyuma leo anaweza kuwa wa mbele kesho, lakini ukimchomea chakula chake, utakuwa umempoteza leo na kesho. Na ukikosea, sema mapema, maana kosa lililonyamaziwa huota miguu na kwenda kukaa katika nyumba ya mtu mwingine. Nawe unapofundishwa na wakubwa zako, usishuke ngazi ukisema umeelewa. Keti umalize.

Nawaombea nyote mliofika mwaka huu: Mungu awape waajiri wenye masikio, na marafiki wasiowasukuma wala kuwaacha. Awape ujasiri wa mtu anayesimama mwenyewe bila kumburuta jirani. Na kila mwenye mzazi anayehesabu siku huko nyumbani, Mungu amfikishe kabla mzazi huyo hajapoteza sauti ya kumwita kwa jina. Amina.